Mwanafunzi Namba Saba

Sura ya Tisa

Katika mji ule maneno yalipimwa uzito. Neno la mropokaji lilipeperuka lenyewe kama pumba, lakini neno la msomi aliyenukuliwa na wengi lilitua sakafuni kwa kishindo na kuacha kishimo. Ndiyo maana wasomi wa huko walikokota vitabu vyao kwa mikokoteni, na watu waliopishana nao walitazama kwanza kina cha alama za magurudumu, kisha ndipo wakaamua wawasalimu kwa kuinama au kwa kutikisa kichwa tu. Profesa Namwaka Chilumba hakuwa na mkokoteni. Alibeba kitabu chake kichwani, juu ya ngata ya kanga kuukuu, shingo imenyooka, mikono inaning'inia, na ardhi ilititia kidogo kila alipokanyaga. Alikuwa na miaka sitini na miwili. Alijua anatazamwa, na sitamsingizia unyenyekevu ambao hakuwa nao: alipenda kutazamwa.

Siku hiyo ilikuwa siku yake ya lakiri. Kitabu kikitimiza miaka thelathini na moja hupelekwa Jumba la Mizani, hupimwa mara ya mwisho mbele ya shahidi, kisha hupigwa muhuri wa lakiri nyekundu. Kikishapigwa hakifunguliwi tena. Hakiongezwi nukta wala hakipunguzwi, na kilichoandikwa ndani yake huwa kweli kwa watu wote, hata kwa wasiozaliwa bado. Wasomi wengi walikufa wakiisubiri siku hiyo. Namwaka aliisubiri bila wasiwasi. Asubuhi alikunywa uji wa ulezi, akayapaka mafuta magoti yake yaliyoanza kulia, akajitazama kwenye kioo na kujiambia, "Namwaka, usione vyaelea, vimeundwa." Kisha akatoka.

Kitabu chenyewe kiliitwa Usahaulifu Usio na Hatia. Alikiandika baada ya kukaa miezi kumi na mmoja katika darasa la kisomo la kijiji kimoja cha wakulima wa mpunga. Lilikuwa darasa la wanawake watu wazima. Wengi wao walitolewa shule mapema wakaozwa, wengine shule waliisikia kwa mbali tu, kama ngoma ya kijiji cha pili. Zama zile wanawake hao walichekwa. Mwanamume akikosea herufi alisemwa amechoka. Mwanamke akikosea alisemwa kichwa chake kimejaa moshi wa jikoni. Namwaka aliikataa dhihaka hiyo kwa hasira ya kweli, hasira ya mtu ambaye mama yake mzazi alitia dole gumba hadi alipozikwa. Alikaa darasani, akaandika kila alichokiona, na akafikia hitimisho lake: wanawake husahau, lakini si kwa ujinga. Dunia imewatwisha maji, kuni, watoto, wagonjwa, wakwe na ndege wa mpunga, na kichwa kilichotwishwa hayo yote humwaga herufi za jana ili kipate nafasi ya leo. Kwa hiyo wasichekwe. Wasisukumwe. Somo lirudiwe mpaka litue.

Nguzo ya kitabu kizima ilikuwa mwanamke mmoja aliyeitwa humo Mwanafunzi Namba Saba. Maadili ya utafiti hayakuruhusu kumtaja jina, na Namwaka alikuwa mtu wa maadili. Kila asubuhi mwezeshaji, yaani mwalimu wa darasa lile, aliuliza, "Jana tulisoma nini?" na kila asubuhi Namba Saba aliinamisha kichwa asijue la kusema, kana kwamba jana hakuwapo. Jumanne hakujua la Jumatatu. Jumatano hakujua la Jumanne. Lakini Jumatatu, lo! Jumatatu alipoulizwa yaliyosomwa wiki iliyopita alijibu yote, herufi kwa herufi, bila kukwama. Namwaka alilitazama jambo hilo wiki arobaini na tatu, halikubadilika hata mara moja. Akaliandikia sura nzima, akaiita "Muujiza wa Jumatatu", akathibitisha kwamba siku moja tu ya mapumziko huirudishia akili ya mwanamke kila ilichomwaga. Wakuu walipoisoma sura ile walilia machozi, nasikia mmoja alilazimika kushikwa.

Basi kitabu kikautikisa mji. Waliokuwa wakiwakejeli wanafunzi walinyamazishwa. Ikapitishwa Sheria ya Mapumziko, kwamba Jumapili mwanamke asitumwe. Yakajengwa madarasa mia nne, na juu ya kila mlango likaandikwa jina CHILUMBA. Na kwa kuwa kitabu kilisema somo lirudiwe mpaka litue, na hapakuwa na mtu aliyepewa mamlaka ya kutamka kwamba sasa limetua, madarasa yote mia nne yalibaki ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kusomea. Hata tarehe ubaoni haikubadilika. Ilikuwa Jumanne. Wanawake waliingia vijana wakatoka na mvi, na ubao ukasema Jumanne, na mwezeshaji akauliza kwa upole, kama kitabu kilivyoagiza, iwapo kuna anayekumbuka chochote. Hakuna aliyeona ajabu. Upole ukikaa mahali pamoja miaka mingi, watu huuzoea na kuuita maumbile.

*

Ngazi za Jumba la Mizani zilikuwa thelathini na moja, na kila ngazi ilirudisha mwaka mmoja. Namwaka alipanda bila kushika ukuta. Ngazi ya tano magoti yakaacha kulia. Ngazi ya kumi na mbili meno mawili yakarudi mahali pake. Ngazi ya ishirini akasikia harufu ya chaki na mpunga mbichi, na nywele zikaanza kumwotea nyeusi chini ya ngata.

Nani kanifikisha hapa? Mimi.

Na nani mwingine? Mimi, na kalamu ya risasi, na benchi la nyuma.

Benchi la nyuma, ndiyo. Mtafiti mwema haonekani. Mtafiti akikaa mbele, watu humchezea yeye ngoma. Akikaa nyuma, husahaulika, na watu huwa walivyo.

Nimewaona walivyo. Nimewaona kwa miezi kumi na mmoja.

Lakini mama, yule aliyeandikwa na yule aliyeishi, wakikutana njiani, watajuana?

Swali hilo la mwisho hakulipenda. Lilitokea lenyewe kwenye ngazi ya ishirini na tisa, na yeye akalikanyaga, akapanda mbili zilizobaki. Alifika juu akiwa na miaka thelathini na moja, kalamu ya risasi sikioni, na kitabu kichwani kilikuwa kizito vilevile.

Ndani ya jumba palikuwa na mizani moja tu, ya shaba, na sahani yake ilitosha kulalia mtu. Mlinzi wake aliitwa Mpima. Alikuwa bwana mwembamba mwenye sauti ya kusinzisha, aliyepima vitabu vingi mno hata akawa hana haja ya kuvisoma. Pembeni palikuwa na kijiko cha lakiri juu ya moto mdogo, lakiri inatokota. Namwaka alikitua kitabu sahanini. Mizani ikalia, mshale ukazunguka hadi mwisho wa namba, ukagonga kigingi na kubaki unatetemeka.

"Hongera, Profesa," alisema Mpima. "Sijauona mshale ukigonga pale tangu niajiriwe. Sasa shahidi, tumalize. Mwanafunzi Namba Saba!"

Kwenye benchi la ukutani waliinuka wanawake sita.

Walikuwa wazee, kila mmoja kwa namna yake, mnene na mwembamba, mrefu na aliyepinda. Walijifunika kanga moja. Sisemi kanga za sare. Nasema kanga moja, ya korosho, nyekundu iliyopauka, iliyopita juu ya mabega yote sita na kuwatosha, kana kwamba ilirefuka kadiri walivyozeeka.

"Sikuita kikundi," alisema Mpima. "Yupi Namba Saba?"

"Ni sisi, baba," alijibu aliyekuwa mbele, mwanamke mrefu mwenye pengo.

"Nimeuliza yupi."

"Ndiyo nakujibu. Ni sisi."

Namwaka alicheka. Alidhani ni utani wa kijijini, watu wamekuja kumshangilia. "Shikamooni, mama zangu," alisema.

"Marahaba, mwalimu. Ee, umebaki vilevile! Sisi ndio tumechakaa." Yule mrefu alijipigapiga kifuani. "Mimi Somoe. Hunijui kwa sura, najua. Ngoja."

Akawaambia wenzake kitu kwa sauti ya chini. Wote sita wakageuka, wakampa Namwaka mgongo, wakaivuta kanga hadi utosini. Kisha mmojammoja akapiga hatua mbele, peke yake, akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto.

Mgongo ule Namwaka aliujua kuliko uso wa mama yake. Aliutazama siku mia mbili na zaidi. Aliuandika: saa tatu na robo, Namba Saba ainamisha kichwa; saa tatu na nusu, ajikuna bega. Na sasa aliuona ukija mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya sita, kanga ileile, kichwa upande uleule, na chini ya kanga ile mabega tofauti kabisa. Moja pana. Moja lenye kovu la moto. Moja la chini kuliko mwenzake, kwa sababu ya kubeba. Kalamu ilimdondoka sikioni, ikabingirika chini ya mizani.

"Mlikuwa sita," alisema.

"Tulikuwa sita tangu mwanzo. Nyumba sita, ua mmoja," alisema Somoe, akageuka tena. "Darasa lilitaka mtu wa kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Nani ana siku sita za kukaa kitako? Watoto je? Na ndege je? Ukiuacha mpunga asubuhi moja tu, ndege hawakubakizii hata wa mbegu. Basi tukaandikisha jina moja, la Tausi huyu hapa, tukapeana zamu. Jumatatu Tausi, Jumanne mimi, Jumatano Nyabise, na hao wengine kwa siku zao. Mmoja anasoma, watano wanashika nyumba zote sita. Kanga ya kutokea mbele za watu ilikuwa moja, hii."

"Na mwezeshaji? Yeye alikaa mbele. Aliwaona nyuso."

"Bi Mkejina? Alikuwa wifi yangu! Nani hakujua, mwalimu? Kijiji kizima kilijua, hata mbuzi."

Wanawake wote sita wakacheka, cheko la watu waliozoea kucheka pamoja, na Mpima akakuna kidevu. Namwaka hakucheka. Kichwani mwake sura za kitabu zilianza kujipanga upya zenyewe, moja baada ya nyingine, kwa mlio wa mlango uliokwama miaka unaposukumwa. Jumanne hakujua la Jumatatu. Bila shaka hakujua! Alikuwa mtu mwingine. Alikuwa Somoe, ambaye Jumatatu alikuwa shambani anawarushia ndege mawe.

"Na Jumatatu?" aliuliza polepole. "Jumatatu Tausi alijua yote."

Tausi alikuwa mdogo wa umbo, sauti yake ikikwaruza. "Jumapili tulikutana uani, mwalimu. Tunatwanga, na kila mmoja analeta alichopewa siku yake. Mimi naleta changu, Somoe chake, Nyabise chake. Hakuna aliyeondoka mpaka wote sita wameshika vyote. Nyabise alikuwa anatuchapa mchi miguuni tukikosea."

"Sikuwachapa. Niliwagusa," alisema Nyabise.

"Kitabu cha kusomea tulikimaliza kabla ya mavuno ya pili," aliendelea Tausi. "Maandishi ya mlango wa zahanati tulisoma. Cheti cha kiwanja alichotaka kutudhulumu shemeji tulisoma. Darasani ndiko tulikoonekana tumebaki ukurasa wa kwanza."

Nataka msomaji amtazame Namwaka hapa, kwa sababu hapa ndipo mtu hujulikana. Muujiza wake ulikuwa kinu na michi. Mapumziko aliyoyasifu hayakuwa mapumziko. Yalikuwa ndiyo shule yenyewe, na yeye Jumapili alikuwa chumbani kwake anafua soksi na kunakili maandishi. Alichokiita kusahau kilikuwa ustadi mkubwa kuliko wowote aliofundishwa chuoni: watu sita wameigawa akili moja kwa siku sita na kuiunganisha tena ya saba bila kupoteza herufi. Nyani haoni kundule, na msomi haoni alikokaa. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa ya moto, ilimpanda kutoka miguuni.

"Kwa nini hamkuniambia?"

Somoe alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Tukuambie nini? Tulidhani unajua. Mtu amekaa nyuma yetu miezi kumi na mmoja, ana macho mawili na kalamu, asijue? Tulisema, huyu binti anajua na anatustiri. Angesema, tungefukuzwa wote sita. Kila ulipoondoka jioni tulikuombea dua. Mwanangu wa mwisho nilimpa jina lako, Chilumba."

Afadhali wangemtukana. Namwaka alikaa chini, pale pale sakafuni, mbele ya mizani. Walimpenda miaka thelathini na moja kwa siri ambayo hakuitunza, kwa sababu hakuijua.

"Na leo mmekuja kwa nini?" aliuliza.

"Kwa ajili ya Esha," alisema Somoe. "Mke wa huyo huyo mwanangu mwenye jina lako. Alitolewa shule darasa la nne. Sasa yuko kisomo, kwenye darasa lenye jina lako mlangoni, mwaka wa nne huu, bado anaandika herufi a. Ukimuuliza anakwambia, mama, kitabu kimesema nasahau. Mtoto ana akili, anajua bei ya kila kitu sokoni bila kuandika. Ila ameambiwa kwa upole kila siku kwamba anasahau, na ameanza kusahau kweli. Juzi alisahau jina la mtoto wake, akasimama mlangoni analitafuta. Nikawaambia wenzangu, twendeni kwa mwalimu kabla hajapiga lakiri. Akishapiga, Esha amekwisha."

Lakiri ilitokota. Mpima aliinama sikioni mwa Profesa, na sauti yake ilikuwa ya upole, upole uleule wa madarasa mia nne.

"Hakuna kilichoharibika. Watu sita wakisema kwa jina moja, kwa kanuni zetu ni shahidi mmoja. Watie dole gumba mara moja, mimi nimwage lakiri, uende zako. Lakini ukikifungua, Profesa, kitapimwa upya kuanzia sifuri. Jina litashuka milangoni, mia nne yote. Na ngazi zile utazishuka kwa umri wako."

Namwaka alikitazama kitabu chake.

Kimewatoa watu kwenye kejeli. Hilo ni kweli, hakuna wa kuninyang'anya.

Kisha kimewafungia kwenye huruma. Na hilo ni kweli.

Nilitaka waonekane. Nikakaa mahali ambapo nyuso hazionekani, nikapaita haki.

Nani alinipa nguvu hii, kwamba nikiandika mtu anasahau, anasahau?

Kama neno langu lina nguvu ya kumfanya Esha asahau jina la mwanawe, basi lina nguvu ya kulirudisha pia.

Lina nguvu.

Hapo Namwaka aliinua kichwa, na nasema kwa uhakika kwamba alitabasamu. Maana watu wengi wakiukiri uwongo wao, hata ule walioutunga bila kujua, huukiri kwa sauti ya ndani, wakitazama viatu. Yeye hakuumbwa hivyo. Alisimama, akaikunja ngata, akaibana kwapani, na akasema kwa sauti ileile aliyohutubia nayo kumbi za watu elfu:

"Nilikosea!"

Neno lilianguka sakafuni. Jumba likatikisika, vumbi likashuka darini, na mshale wa mizani ukaruka peke yake. Mpima alishika ukuta. Katika kazi yake yote hakuwahi kusikia neno zito kiasi kile, na hapakuwa na sahani ya kulipimia.

Namwaka akakishusha kitabu kutoka mizanini, akakifungua magotini, akaokota kalamu chini ya mizani. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya miezi yote kumi na mmoja. Alizunguka, akakaa mbele yao, uso kwa uso.

"Jina lako nani, mama?"

"Tausi Mlekwa."

"Na siku yako?"

"Jumatatu."

Akaandika. Akamuuliza Somoe, akaandika. Akamuuliza Nyabise Ruhembe wa Jumatano, ambaye alitaka ijulikane pia kwamba hakumchapa mtu. Akawauliza watatu waliobaki, akaandika Asumini wa Alhamisi, Mwatumu wa Ijumaa, Fidea wa Jumamosi, na kila jina alilitamka mara mbili na kumtazama mwenyewe usoni hadi mwenyewe akaona haya. Kila alipoandika jina moja, kanga ile ndefu ilijikata pasipo mkasi, hadi wakawa wanawake sita wenye kanga sita. Nywele za Namwaka zilikuwa zikirudi nyeupe. Magoti yalianza kulia tena. Alipofika kwenye sura ya "Muujiza wa Jumatatu" aliipiga mstari kutoka juu hadi chini, kisha akasita.

"Hapa nilipata Sheria ya Mapumziko," alisema. "Msingi wake ni uongo. Nayo niifute?"

"Ile usiiguse!" walipiga kelele wote sita kwa pamoja.

"Kosea hapo hapo, mwalimu," alisema Somoe. "Pale ulikosea vizuri."

*

Herufi za CHILUMBA zilianza kudondoka kabla Namwaka hajafika chini ya ngazi. Katika madarasa mia nne zilianguka mojamoja, na wawezeshaji walizifagia pamoja na vumbi la chaki. Zilipokwisha kufagiwa, mtu mmoja aliona tarehe ubaoni inajifuta. Jumanne ile ya miaka thelathini na moja ilipauka, ikatoka, na ubao ukabaki mtupu. Mwezeshaji alisimama na chaki mkononi asijue aandike nini, mpaka mwanafunzi mmoja akamwambia kutoka nyuma, bila wasiwasi, kwamba leo ni Jumatano.

Kesho yake Namwaka alikuwa ameketi katika darasa moja kati ya hayo, mbele, kwenye kibao kilichogeukia wanafunzi. Wenyewe hawakumjua, walimwona mama mtu mzima mwenye kitabu chembamba. Mbele yake alikaa Esha, mwanamke wa miaka ishirini na sita, vidole vimechafuka chaki, mtoto mgongoni.

"Jana mlisoma nini?" aliuliza Namwaka.

Esha akainamisha kichwa. "Mimi nasahau, mama. Imeandikwa."

"Aliyeandika ni mimi. Nilikuwa nimekaa vibaya." Akamsogezea kitabu cha kusomea. "Fungua ukurasa wa pili."

Kurasa zilikuwa zimegandamana, hazijawahi kuachanishwa. Esha alizichezea kwa kucha hadi zikaachana kwa mlio mdogo. Akatazama. Midomo ikatembea bila sauti, ikarudi mwanzo, ikatembea tena. Mtoto mgongoni akalia, na Esha, macho bado kitabuni, akampigapiga na kumwita jina lake, Sefu, Sefu, nyamaza nisome. Hakugundua kwamba amelikumbuka. Namwaka aligundua, akatazama dirishani ili afute macho.

Jumapili alikwenda uani kwa wale sita. Hakubeba kitu kichwani. Walikuwa wanatwanga, michi ikipokezana kinuni bila kugongana, na walimsogezea kigoda bila kusimamisha kazi. Kila mmoja alitaja alicholeta wiki hiyo. Tausi alileta neno geni kutoka kwenye barua ya mwanawe. Nyabise alileta hesabu ya debe na pishi. Walirudia wote hadi wakashika wote, na aliyekosea aliguswa mchi mguuni. Zamu ikazunguka, ikafika kwenye kigoda.

"Haya na wewe, mwalimu," alisema Somoe. "Wiki hii umeleta nini?"

Namwaka alifikiria kitabu chake, jumba, mizani, mshale uliogonga kigingi. Hakuna hata kimoja kilichostahili kuwekwa uani pale.

"Nimeleta majina sita," alisema. "Na siku zake."

"Umeyashika?"

"Nimeyashika."

Nyabise aliuinua mchi, akaushikilia juu ya mguu wa Profesa.

"Taja," alisema. "Jumatatu, nani?"